Muulize Dada Fundi: Seva Imenikataa, na Wenzangu Wanadhani Nimechakachua Gari

Msimu mpya wa mbio za kompyuta umeanza, na barua zimenijia kwa wingi. Karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti: faili. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuziona mbio hizi, dereva huketi chumbani kwake Umoja, Kasarani au Rongai, usukani umebanwa mezani, pedali ziko chini, naye hukutana na wenzake kwenye seva moja, yaani kompyuta kuu inayoongoza mbio, kupitia intaneti. Gari lenyewe halisafiri. Kila mmoja ana nakala yake ya gari na ya uwanja ndani ya kompyuta yake, na seva hupeleka tu habari za nani yuko wapi na anakwenda kwa kasi gani. Nakala zikitofautiana, hakuna mbio. Mchana natengeneza kompyuta orofa ya pili, barabara ya Luthuli, Nairobi. Usiku mimi ndiye mtunza faili wa klabu yetu, na huu ni mwaka wangu wa sita. Ninayoyajibu hapa nimeyashika kwa mikono yangu.

*Dada Fundi, pokea salamu. Alhamisi iliyopita ilikuwa raundi ya kwanza ya msimu. Kila nikiingia kwenye seva ya mchezo wetu wa mbio, Assetto Corsa, natolewa kabla hata gari halijatokea pitini, pale magari yanapoegeshwa kabla ya mbio, na ujumbe unaoonekana una neno checksum. Nimefuta mchezo wote na kuupakua upya mara mbili, bando la mwezi limekwisha. Magari ya msimu nilipewa na rafiki kwa flashi, na yeye anaingia bila shida yoyote. Sasa wengine wameanza kusema kwenye kikundi kwamba nimechezea injini. Sijagusa kitu, dada. Nisaidie. — Dereva wa Umoja*

Ndugu yangu, nianze na hilo la mwisho kwa sababu limeniuma. Kukataliwa na seva si ushahidi wa udanganyifu. Katika miaka hii yote, karibu kila mwanaklabu aliyeniletea kilio chako alikuwa na faili iliyoharibika njiani au faili ya toleo la zamani. Anayemtuhumu mwenzake kabla faili hazijalinganishwa anamharibia mtu jina bure. Nimewaomba viongozi wa klabu yetu walikemee jambo hilo waziwazi, na wa klabu nyingine nawaomba hapa.

Sasa tuingie ndani. Katika folda ya kila gari mna faili iitwayo data.acd. Humo ndimo mlimo uzito wa gari, nguvu za injini, uwiano wa gia, tabia ya tairi na ya springi. Umbo la gari liko kwenye faili nyingine yenye mkia wa kn5, na rangi ziko kwenye folda iitwayo skins. Unapoingia, seva haikuombi data.acd nzima. Kinacholinganishwa ni muhtasari wa tarakimu uliokokotolewa kutokana na faili hiyo, wako na wake. Hiyo ndiyo checksum, alama ya kidole ya faili. Baiti moja tu ikibadilika, alama yote inageuka. Seva haina njia ya kujua kama baiti hiyo ilibadilishwa na mtu anayetafuta ushindi wa wizi au na flashi mbovu. Inachojua ni kwamba hazifanani, basi, inakutoa.

Kupakua mchezo upya hakukusaidia kwa sababu magari ya nyongeza hayaji na mchezo. Ulirudishiwa magari ya asili, kisha ukabandika tena yale yale ya kwenye flashi. Na hata gari la asili likiharibika, huna haja ya kufuta chochote. Ndani ya Steam, programu inayouza na kutunza michezo, bofya jina la mchezo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, kisha Installed Files, na hapo utaona kitufe cha kukagua uzima wa faili. Zitapakuliwa zile mbovu peke yake, na bando lako litabaki.

Nakueleza sasa kilichowapata vijana watatu wa klabu yetu mwaka jana, kwa sababu nadhani ndicho kilichokupata. Walikuja kibandani Jumamosi asubuhi, kila mmoja na laptopu yake. Mmoja alikuwa akiingia kwenye seva vizuri, wawili walikuwa wakitolewa. Nilisogeza pasi ya kulehemu kando, tukazipanga laptopu tatu mezani. Kwa kila moja tulifungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri la Windows, tukaandika Get-FileHash, tukaacha nafasi, kisha tukaburuta data.acd ya gari la kwanza hadi ndani ya dirisha hilo na kubonyeza Enter. Ukifanya hivyo unapata mstari wa herufi na tarakimu 64. Tuliusoma kwa sauti, mmoja akisoma, wengine wakifuata kwa kidole. Gari la kwanza, sawa kwa wote watatu. La pili, sawa. Tukaendelea hivyo hadi la saba. La nane likagoma: wawili wale walikuwa na mstari mwingine kabisa. La tisa hivyo hivyo, na yote yaliyofuata.

Majina yalikuwa sahihi. Ukubwa wa faili ulikuwa sahihi hadi baiti ya mwisho. Nilipoifungua data.acd ya gari la kumi kwa programu ya kuonyesha baiti mojamoja, niliona sifuri kutoka juu hadi chini. Hapo nikaomba ile flashi. Ilikuwa imenunuliwa kando ya barabara kwa bei ya kutupa, imeandikwa GB 64. Niliipima kwa H2testw, programu ya bure inayojaza flashi kwa data halafu kuisoma tena ili kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachorudi. GB 8 ndizo zilizokuwa za kweli. Nyingine zilikuwa za kuandikwa tu. Flashi ya aina hii imedanganywa ndani kwa ndani ijitangaze kubwa: inapokea kila unachoipa, inahifadhi orodha ya majina vizuri, na baada ya nafasi ya kweli kwisha inatupa yaliyobaki bila kulalamika. Kompyuta inakuambia kazi imekamilika.

Kwa hiyo fanya hivi. Muombe rafiki yako akusomee mstari wa kila gari, nawe usome wako. Herufi sita za mwanzo na sita za mwisho zinatosha kuwaonyesha lililoharibika. Gari lisilolingana lihamishe nje ya folda ya cars, usilifute kwanza, kisha uchukue jipya moja kwa moja kutoka hazina ya klabu, siyo kutoka kwa mtu aliyelipata kwa mtu. Magari yote yakilingana na bado unatolewa, hamia kwenye uwanja: ndani ya folda ya uwanja ule kuna folda ya data yenye surfaces.ini, faili inayoeleza ushikaji wa lami, nyasi na kingo. Nayo hukaguliwa. Halafu piga picha ya mistari hiyo iliyolingana na uiweke kwenye kikundi kile kile ulikotuhumiwa. Una haki hiyo.

*Dada, rafiki amenitumia setapu ya Nordschleife kwa simu. Nimeiweka kwenye folda niliyoelekezwa lakini mchezo hauioni. Flashi nayo inakataa kifurushi cha msimu ingawa nafasi ipo tele. — Msomaji wa Donholm*

Maswali mawili mafupi. Kwa asiyejua, setapu ni faili ya marekebisho ya gari kwa uwanja fulani, na Nordschleife ni uwanja wa mbio wa Ujerumani. Windows huficha mkia wa jina la faili, kwa hiyo unachokiona kama setapu.ini huenda ni setapu.ini.txt, hasa kama ilifunguliwa na kuhifadhiwa tena njiani. Kwenye dirisha la faili la Windows 11, ingia View, kisha Show, uwashe mikia ya majina. Ukiiona txt, ifute ibaki ini. Hakikisha pia iko ndani ya folda ya gari lenyewe, na ndani yake folda ya uwanja, ambayo kwa Nordschleife ya asili huitwa ks_nordschleife. Herufi moja ikikosewa, haionekani.

Kuhusu flashi, hiyo imeumbizwa (format) kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika GB 4 hata nafasi iwe kubwa namna gani. Iumbize upya kwa exFAT. Kuumbiza kunafuta kila kitu, kwa hiyo toa picha za familia kwanza.

*Dada Fundi, nisaidie kabla sijalia. Nina laptopu mpya tangu mwezi uliopita. Jana nimefungua mchezo nikakuta setapu zangu zote hazipo, za magari kumi na moja, kazi ya miaka miwili. Marudio ya mbio yangu ya kwanza kushinda pia hayapo. Kabla ya hapo nilikuwa nikiona tangazo kwamba hifadhi imejaa, lakini diski yangu ina nafasi ya GB 300. — Binti wa Kasarani*

Mdogo wangu, usilie, na usisakinishe kitu kipya kwanza. Nina matumaini makubwa kwamba kazi yako ipo.

Assetto Corsa huweka setapu, marudio (rekodi za mbio) na mipangilio ya usukani ndani ya folda ya Documents, mbali na mchezo wenyewe. Laptopu mpya nyingi huwashwa zikiwa zimeunganishwa na OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuhifadhi faili mtandaoni, na OneDrive ikikubaliwa kutunza nakala za Documents, huihamisha folda yote. Folda iliyokuwa chini ya jina lako moja kwa moja sasa iko ndani ya folda nyingine iitwayo OneDrive. Hifadhi ya bure huko mtandaoni ni GB 5 tu. Marudio ya mbio ni faili nene, mbio chache ndefu zinatosha kuijaza, ndiyo maana ulikuwa ukiambiwa imejaa wakati diski yako ina nafasi. Naamini uliposumbuliwa na tangazo hilo ulizima kitu au ulitenganisha akaunti, na mchezo ukarudi kutafuta kwenye Documents ya zamani, ambayo ni tupu.

Ingia C, kisha Users, kisha folda yenye jina lako, na utafute OneDrive. Ndani yake fungua Documents, na humo Assetto Corsa. Ukiziona setapu, nakili folda yote kwanza kwenye flashi unayoiamini, ndipo uinakili kwenye Documents ya kawaida. Faili yenye alama ya wingu pembeni haiko kwenye laptopu yako, iko mtandaoni tu. Ibofye kwa kitufe cha kulia uchague ibaki daima kwenye kifaa hiki, usubiri alama ya vema ya kijani. Usinakili kabla alama hiyo haijatokea. Kama folda ya OneDrive haimo kabisa kwenye laptopu, ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari uitazame huko, pamoja na pipa la taka lake, kwa sababu kilichofutwa hukaa humo kwa siku kadhaa kabla ya kwenda moja kwa moja. Fanya hivyo leo.

Baada ya kupata vyako, nenda kwenye mipangilio ya OneDrive uzime utunzaji wa Documents peke yake. Sisemi OneDrive ni mbaya, imeniokolea wateja wengi ambao laptopu zao ziliibwa kwenye matatu. Lakini mchezo unaoandika marudio makubwa kila usiku haupaswi kukaa humo. Folda ya setups peke yake ni nyepesi sana, hata setapu mia hazifiki ukubwa wa picha moja ya simu. Ibane (zip) kila mwisho wa mwezi na ujitumie kwa barua pepe.

*Fundi, stima ilipotea katikati ya mbio. Iliporudi, usukani unazungusha gari upande mmoja tu, na pedali zimekufa. Nimeujaribu usukani kwa kompyuta ya jirani, ni mzima. Nimeshaambiwa ninunue mwingine. — Baba Watoto, Kayole*

Ndugu, usinunue usukani. Pesa hiyo ni ya karo.

Fungua Documents, Assetto Corsa, kisha cfg, na humo tafuta controls.ini. Ifungue kwa Notepad. Nina hakika kubwa utakuta ukurasa mtupu, au alama zisizosomeka, ilhali ukubwa wa faili unasema mna kitu. Hivi ndivyo inavyokuwa: kompyuta inapoandika faili, inaandika jina na ukubwa mahali pamoja na maneno yenyewe mahali pengine. Mfumo wa diski wa Windows hulinda kwa makini ile sehemu ya majina na ukubwa, ili stima ikipotea diski isichanganyikiwe. Maneno yenyewe hayana ulinzi huo. Stima ikikatika katikati, jina linabaki, ukubwa unabaki, na ndani mnabaki sifuri. Usukani wako hauna kosa, mchezo umepoteza tu maelezo ya ni mhimili upi ni breki na upi ni moto, yaani pedali ya mafuta.

Ibadilishe jina iwe controls_mbovu.ini, halafu uingie kwenye mipangilio ya mchezo uusajili usukani upya: kushoto, kulia, moto, breki, klachi. Kama uliwahi kuhifadhi mpangilio wako kwa jina, umo ndani ya cfg, folda ya controllers, kisha savedsetups, na unaweza kuuita tena bila kuanza upya. Ukimaliza, uhifadhi kwa jina hata kama hukuwahi. Na kama siku moja utakuwa na akiba, nunua UPS ndogo, betri inayoendelea kuiwasha kompyuta stima ikipotea. Dakika tano zinatosha kuufunga mchezo kwa utaratibu na kuizima kompyuta. Mtaani kwenu stima inapotea mara nyingi, nami nimeshapokea diski kutoka huko ambazo sikuweza kuziokoa.

*Binti yangu, mimi ni mzee wa miaka sitini na mitatu, mgeni katika klabu yenu. Nilikuwa mtoto niliposimama kando ya barabara, vumbi tupu, nikaiona Datsun 240Z ya Shekhar Mehta ikipita. Mwaka ule wa 1973 alishinda mbio za Safari Rally. Mjukuu wangu amenichorea rangi zile kwenye kompyuta, gari jekundu na boneti nyeusi. Mimi naliona hivyo. Lakini wenzangu wote wananiambia wananiona na gari jeupe. Nimewatumia na picha. Sijui nimekosea wapi. — Mzee wa Buruburu*

Mzee wangu, pokea heshima zangu, na karibu sana kwetu. Barua yako niliisoma mara mbili. Asante kwa kumruhusu mjukuu anitumie folda ya rangi pamoja nayo, imenisaidia kuona kila kitu.

Hujakosea popote. Kama nilivyomweleza ndugu wa Umoja, gari halisafiri kwenye intaneti, na rangi pia hazisafiri. Seva inawaambia wenzako kwamba gari lako limevaa rangi iitwayo jina fulani, nao wanatafuta folda yenye jina hilo kwenye kompyuta zao. Wasipoipata, mchezo unakuvisha rangi nyingine iliyopo kwao. Picha uliyowatumia haisaidii, kwa sababu wanachohitaji ni folda yenyewe, ndani ya skins ya gari lile lile, kwa jina lile lile. Kwa bahati nzuri rangi hazikaguliwi na seva, kwa hiyo hakuna atakayetolewa kwa sababu yako.

Niliifungua kazi ya mjukuu hapa kibandani. Kijana ana mkono. Amepaka hata vumbi chini ya milango na kwenye pindo za magurudumu, vumbi jekundu, siyo la kijivu. Mambo mawili nimeyarekebisha kwa ruhusa yake. La kwanza, folda aliiita kwa maneno manne yenye nafasi katikati, na watu walikuwa wakiinakili kwa kukosea. Sasa inaitwa safari73, herufi ndogo, bila nafasi. La pili, picha ya mwili wa gari ilikuwa ya nukta 4096 kwa 4096. Nimeipunguza iwe 2048 kwa 2048, ambayo ni robo ya nukta zile, kwa sababu tuna wanaklabu wenye kadi za picha za zamani na magari kumi na manane yakiwa pamoja kwenye kona ya kwanza kompyuta zao hukwama. Nimezitazama picha zote mbili kwenye skrini yangu kwa umbali wa kuendesha, na nambari ya mlangoni inasomeka vilevile. Jina la faili ya picha sikuligusa, na mwambie asiliguse kamwe: lazima lifanane herufi kwa herufi na lile ambalo umbo la gari linalitafuta, la sivyo rangi haishiki.

Folda ya safari73 imo kwenye hazina ya klabu tangu Jumatatu, pamoja na alama yake ya kidole. Hadi ninapoandika haya, wanaklabu kumi na sita wameichukua na kuniandikia kwamba imelingana. Waliobaki ni wawili, na nitawapigia simu mwenyewe kabla ya Alhamisi saa tatu usiku. Mwambie mjukuu akae karibu nawe wakati wa kutoka pitini.